Msimulizi Asiyeaminika: Hatua za Kuandika Riwaya ya Taharuki Yenye Siri Iliyozikwa

Msomaji anapomaliza riwaya ya taharuki ya kisaikolojia na kugundua kwamba aliyekuwa akimsimulia alikuwa akimficha jambo, hufanya moja kati ya mambo mawili: ama hurudi sura ya kwanza kutafuta mahali alipopitwa, ama hukiweka kitabu kando akihisi ametapeliwa. Tofauti ya wasomaji hao haitokani na ukubwa wa siri, bali na namna sentensi zilivyoandikwa. Mwongozo huu ni wa mwandishi anayemtaka msomaji wa kwanza. Msimamo wangu, ambao utaonekana katika kila hatua, ni kwamba msimulizi wa aina hii aseme uongo mara chache mno, ikiwezekana asiuseme kabisa, na badala yake aupange ukweli kwa namna ambayo msomaji atajipotosha mwenyewe.

Istilahi ya msimulizi asiyeaminika iliingizwa katika uhakiki na Wayne C. Booth wa Marekani, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1961, ingawa waandishi walikuwa wakiitumia mbinu hiyo muda mrefu kabla haijapewa jina. Katika maelezo yanayofuata nitatumia mfano mmoja wa riwaya ya kubuni, kwa sababu mbinu hizi hueleweka zinapoonekana zikifanya kazi juu ya siri ileile.

Hatua ya kwanza: andika daftari la ukweli

Wapo waandishi wanaoanza riwaya bila kujua itaishia wapi, na katika aina nyingine za hadithi njia hiyo huwafaa. Hapa haifai. Huwezi kuficha jambo usilolijua, na ukilivumbua ukiwa sura ya ishirini, sura kumi na tisa zilizotangulia zitakuwa zimesema mambo yanayolipinga. Kwa hiyo, kabla ya sentensi ya kwanza ya riwaya, andika kurasa mbili au tatu za ukweli mtupu, kwa nafsi ya tatu, bila mapambo na bila taharuki, ukitaja saa, mahali, nani alisimama wapi na nani aliona nini.

Ukweli wa mfano wetu ni huu. Msichana wa miaka 11 anagombana na mdogo wake wa kiume mwenye miaka 6. Jioni, mvulana akiwa nje uani, msichana anapanda kigoda na kufunga komeo la mlango wa nyuma ili kumwadhibu. Mama yao ana homa na amesinzia chumbani. Mvulana anabisha hodi. Msichana anaongeza sauti ya redio na kujilaza kitandani. Baadaye hodi inakoma. Anaogopa, anarudi kufungua komeo, haoni mtu, kisha anarudi kitandani akidhani mdogo wake amejificha. Mama anaamka, anakuta mlango wazi, anakimbilia nje na kujikwaa kwenye kigoda kilichoachwa mlangoni. Mvulana anapatikana ameshakufa maji katika bwawa lililo nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo familia nzima, akiwemo mama mwenyewe, inaamini kwamba mama alisahau kufunga komeo na mtoto akatoka bila kuonekana. Riwaya inaanza miaka 25 baadaye, msimulizi akiwa mtu mzima anayemuuguza mama huyo.

Ukishaandika hivyo, chora jedwali la safu nne kwa kila tukio muhimu: kilichotokea, anachokijua msimulizi, anachokisema msimulizi, na wanachokiamini wengine. Kazi hii inachosha, lakini utairudia kila utakapokwama, na mhariri wako akikuuliza swali utakuwa na mahali pa kutazama.

Hatua ya pili: amua kwa nini haaminiki

Msimulizi anaweza kuwa anawadanganya wengine kwa makusudi, anajidanganya mwenyewe, haelewi anachokiona kwa sababu ya umri au kutojua, au hakumbuki. Sababu hizi zinaweza kuchanganyika, lakini moja lazima itawale, kwa kuwa ndiyo itakayoamua sauti yake. Mwongo wa makusudi huwa na maelezo mengi mno na saa sahihi mno. Anayejidanganya hukwepa: akikaribia jambo linalomuuma, hugeuza mazungumzo, hufanya mzaha, au huanza kueleza makosa ya mtu mwingine. Msimulizi wetu ni wa aina hii ya pili. Hajasahau kitu, amejizoesha tu kuisimulia jioni ile kwa maneno yaleyale, hata maneno hayo yakawa ukuta.

Sababu ya kutokumbuka ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa hiyo inastahili uangalifu. Tuchukue ulevi. Mtu akinywa kiasi cha kupoteza kumbukumbu kabisa, ubongo wake huacha kuyahifadhi matukio kwa muda huo. Hayakufichwa mahali, hayakuwekwa tangu mwanzo. Ndiyo maana riwaya ambamo mlevi aliyezima kabisa anainuka miezi sita baadaye akiwa amekumbuka usiku mzima, tena na rangi ya shati la muuaji, humkera msomaji anayelifahamu jambo hilo. Ikiwa upotevu ulikuwa wa sehemu tu, vipande vinaweza kurudi kwa kuchokozwa na harufu, sauti au mahali. Ikiwa ulikuwa kamili, ukweli lazima utoke nje ya kichwa chake: picha ya simu, jeraha, risiti, maneno ya shahidi. Hilo si pungufu kwa hadithi. Mtu anayelazimika kuwauliza wengine kuhusu matendo yake mwenyewe ni mhusika mwenye taharuki ya kutosha.

Kumbukumbu iliyopo nayo haitulii. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu 150 filamu fupi ya ajali ya magari, kisha wakawauliza baadhi yao magari yalikuwa na kasi gani yalipogongana, na wengine wakaulizwa kwa kitenzi kikali zaidi, chenye maana ya kupondana. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, 16 kati ya 50 walisema waliviona; kwa kitenzi cha kawaida walikuwa 7 kati ya 50. Mwandishi anaweza kupata kutoka hapo riwaya nzima: swali lililoulizwa vibaya na polisi, na mzazi, au na mganga wa akili, linaweza kumpandikizia msimulizi kitu ambacho hakikuwapo, naye akakisema kwa moyo mweupe.

Kuhusu ugonjwa wa akili nitasema kwa ufupi. Kuutumia kama jibu la fumbo, kwamba alifanya yote hayo kwa sababu ni mgonjwa, ni uvivu wa kubuni na ni kuwaonea watu wengi wanaoishi na maradhi hayo bila kumdhuru mtu. Mhusika anaweza kuwa mgonjwa, lakini kitendo chake kinahitaji sababu yake.

Hatua ya tatu: ipe siri gharama ya kila siku

Siri iliyozikwa haina uzito kwa sababu tu ni ya zamani au ya kutisha. Ina uzito ikiwa kuna mtu aliye hai anayeilipia leo. Katika mfano wetu mtu huyo ni mama, ambaye kwa miaka 25 amebeba hatia isiyo yake. Kila anaposema kwamba asingelala jioni ile mtoto wake angekuwa hai, msimulizi ana nafasi ya kusema kweli na anaiacha ipite. Kabla ya kuendelea, jiulize: siri ikiendelea kufichwa kwa wiki moja zaidi, nani ataumia na kwa namna gani? Ukikosa jibu, badilisha siri kwanza.

Hatua ya nne: acha lugha ifiche

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na nadhani ndipo mwandishi wa Kiswahili alipobahatika, kwa sababu lugha hii ina milango mingi ya kupitia bila kuonekana. Soma aya hii kama ambavyo ingekuwa katika sura ya kwanza ya riwaya yetu:

“Jioni ile nilikuwa nimelala, redio ikiimba kwa sauti ya juu. Mama akaniita. Nikainuka, nikaenda jikoni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, kigoda kimepinduka, na Mama amesimama nje ya kizingiti akivuja damu mguuni, akiliita jina la mdogo wangu kuelekea gizani.”

Hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Kitenzi kulala kina maana mbili, ya kusinzia na ya kujinyoosha kitandani, na msomaji atachagua ya kwanza kwa sababu ndiyo inayozoeleka jioni. Nikainuka halisemi nikaamka. Redio ilikuwa juu, lakini hatuambiwi nani aliipandisha wala ilikuwa inazima sauti gani. Mlango ulikuwa wazi, na sentensi haikuulizwa ulifunguliwa na nani. Msomaji akirudi hapa baada ya kujua kila kitu, kila neno litakuwa bado ni kweli, ila aya itakuwa imegeuka kuwa ungamo.

Sasa linganisha na sentensi hii: “Sikujua kwamba mdogo wangu alikuwa nje.” Huo ni uongo wa wazi anaoambiwa msomaji usoni. Ukiuandika, utapata mshangao wa bei rahisi na utapoteza imani. Ikiwa ni lazima uwepo, uweke ndani ya mazungumzo, msimulizi akimwambia mtu mwingine, kwa sababu kumdanganya mhusika mwenzake ni tabia yake, ilhali kumdanganya msomaji katika masimulizi ni deni lako wewe mwandishi.

Vitenzi vinahitaji kuchaguliwa kimoja kimoja. Nilikivunja kikombe humtaja mtendaji. Kikombe kilivunjwa humficha lakini huacha kivuli chake, na msomaji makini atauliza kilivunjwa na nani. Kikombe kilivunjika hakina mtu kabisa. Kana kwamba vikombe huvunjika vyenyewe. Msimulizi anayejidanganya hupenda sana kauli hii ya tatu, na unaweza kuifanya iwe alama yake: vitu vizuri amevifanya yeye, vitu vibaya vimetokea. Usiitumie kila ukurasa, la sivyo itanuka.

Kiambishi cha -ka- ni hatari kwa uzuri wake. Nikafunga kitabu, nikazima taa, nikaenda kumwita Mama: matendo yanaonekana kufuatana kama shanga, lakini hakuna kinachomzuia mwandishi kuacha saa nzima kati ya kuzima taa na kwenda. Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alitumia pengo la namna hiyo mwaka 1926 katika riwaya yake The Murder of Roger Ackroyd, na kwa kuwa kitabu kina umri wa karibu karne moja naomba nisamehewe kwa kukitobolea siri. Msimulizi anaeleza kwamba barua iliingizwa chumbani saa tatu kasoro dakika ishirini usiku, na kwamba yeye aliondoka saa tatu kasoro dakika kumi. Hasemi alichofanya katika dakika hizo kumi. Wasomaji wengi hupita bila kuhesabu, kumbe mauaji yamo humo. Mwandishi hakuficha saa. Aliziandika zote mbili.

Ipo pia faida ya viambishi vya nafsi visivyotaja jinsia. Alibisha hodi, akasubiri, akaondoka: mwanamume au mwanamke? Hata mdogo wangu haisemi, mpaka utumie kaka au dada au jina. Unaweza kumweka mtu katika riwaya kwa sura kadhaa huku msomaji akimvalisha jinsia isiyo yake. Onyo langu ni kwamba hila hii ikiwa ndiyo fumbo lote, kitabu kitakwisha mara tu inapogundulika. Inafaa zaidi kuwa msaada wa siri nyingine.

Mwisho, acha ulimi wake uteleze. Sentensi kama “Ningalijua kwamba angekwenda bwawani, nisingalinyamaza” hupita kama majuto ya kawaida. Lakini ndani yake kuna kukiri kwamba alinyamaza, na mtu hunyamaza pale anapoitwa. Vilevile, msimulizi anayekana jambo ambalo hakuna aliyemshutumu nalo amejitaja. Kosa moja la ulimi katika kila sura tatu au nne linatosha.

Hatua ya tano: gawa vidokezo vipande viwili

Kidokezo kizima kinachowekwa mahali pamoja huonekana. Kikate vipande viwili, uviweke mbali, na kila kimoja ukipe kazi nyingine ya kufanya mahali kilipo. Kigoda chetu ni mfano. Katika sura ya kwanza kimepinduka mlangoni na kumkata mama mguu, nacho kinafanya kazi ya kuonyesha vurugu za jioni ile. Kovu la mama linabaki mbele ya macho ya msomaji kitabu kizima, kila msimulizi anapomwosha miguu. Kisha katika sura ya tisa, akieleza kwa kicheko jinsi alivyokuwa mfupi utotoni, anasema kwamba hata komeo la mlango alikuwa akilifikia kwa kupanda kigoda. Anacheka, anaendelea na habari nyingine. Msomaji anayeunganisha vipande hivyo amestahili kujua mapema. Asiyeviunganisha atajipiga paji la uso baadaye.

Weka pia mtu wa pembeni ambaye maneno yake hayakubaliani na ya msimulizi kwa jambo dogo. Jirani mmoja, kwa mfano, anakumbuka kelele za redio jioni ile, na anakumbuka kwamba zilianza ghafla. Asiwe mjuzi wa kila kitu na asimshutumu mtu. Kazi yake ni kumpa msomaji mahali pengine pa kusimama, kwa maana bila sauti ya pili hakuna kipimo cha kuipimia ya kwanza.

Hatua ya sita: fichua kabla ya mwisho

Waandishi wengi huhifadhi ufichuzi kwa ukurasa wa mwisho. Mimi huona ni mapema mno kufunga kitabu wakati ambapo jambo la kuvutia ndiyo kwanza linaanza. Siri ikitoka katika robo ya mwisho ya riwaya, zinabaki kurasa za kuonyesha watu wanaishije nayo, na swali la nini kilitokea linageuka kuwa swali la nini kifanyike sasa. Je, msimulizi atamwambia mama aliye kitandani, au atamwacha afe akiamini alichoamini? Swali hilo ni zito kuliko fumbo lenyewe.

Epuka barua iliyokutwa kabatini inayoeleza yote, na epuka ungamo la kurasa kumi mbele ya mpelelezi. Ufichuzi mzuri huja kwa kitu kidogo ambacho msimulizi hakukiwekea ulinzi. Katika mfano wetu, mama, akiwa anaoshwa mguu, anaweza kugusa kovu na kusema polepole: “Siku zote nimekuwa nikijiuliza kigoda kilifuata nini mlangoni.” Msimulizi anaendelea kuosha. Halafu masimulizi yake, ambayo kwa sura ishirini yalikuwa na sentensi nzuri zilizopangwa, yaanze kukatika. Na kwa mara ya kwanza aseme nilifunga, si mlango ulikuwa wazi. Badiliko hilo moja la kitenzi linabeba ufichuzi wote.

Hatua ya saba: sahihisha kwa macho mawili

Rasimu ikikamilika, iache kwa wiki kadhaa, kisha isome mara mbili kwa kalamu za rangi tofauti. Mara ya kwanza soma kama mtu asiyejua chochote, ukipiga mstari kila mahali unaposhuku. Mara ya pili soma ukiwa na daftari la ukweli pembeni, na kwa kila sentensi inayogusa tukio lililofichwa uulize: ni kweli kwa yule anayejua? Sentensi inayoanguka katika usomaji wa pili ifutwe au ihamishwe kwenye mazungumzo, hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote. Angalia kwa namna ya pekee mawazo ya ndani. Msimulizi wa nafsi ya kwanza anaweza kukataa kufikiria jambo, lakini hawezi kukaa usiku kucha akiwaza kwa mshangao aliyefungua mlango ni nani, ilhali yeye ndiye aliyeufungua.

Baada ya hapo wape wasomaji wawili. Wa kwanza asiambiwe kitu, na umwombe aandike pembeni ya ukurasa anachoamini kimetokea kila anapomaliza sura. Wa pili mweleze siri yote kabla hajaanza, na umwombe aweke alama kila mahali anapohisi msimulizi amemdanganya msomaji. Kama wa kwanza amejua kabla ya sura ya tano, kidokezo chako kimoja kimekaa karibu mno na mwenzake, kitenganishe. Kama hakuwahi kushuku chochote mpaka ufichuzi, usifurahi haraka: rudi kwenye sura ya tisa uone kama kicheko cha kigoda hakikufunikwa na maneno mengi. Alama za msomaji wa pili zifanyie kazi zote, hata zile unazoziona ni za kuonea.